Pua ya Gari

Wa kwanza kugundua ugonjwa wa gari langu alikuwa mama anayeuza ndagala mbele ya kiwanja chetu, hapa Nyamianda, Uvira. "Papa, gari yako inapumua vibaya," aliniambia asubuhi moja. "Ukiwasha tu, inafanya tse-tse-tse, kama mutu wa pumu." Nilimshukuru kwa heshima, nikampuuza kwa heshima hiyohiyo. Yeye alikuwa na masikio tu. Mimi nilikuwa na taa.

Taa yenyewe ni ile ndogo ya injini, na ilikuwa imewaka wiki tatu mfululizo kwenye Corolla yangu ya mwaka 1997. Moshi ulitoka mweusi, na mafuta yalikwisha haraka hivi kwamba kijana wetu kadhafi, ndivyo tunavyowaita wanaouza mafuta ya bidoni kando ya barabara, alianza kunisalimia kutoka mbali, huku akifuta kiti ili nikae. Mwuza mafuta akikupenda kiasi hicho, chunguza gari lako. Majirani walisema ni mafuriko. Tangu Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo zake na kubeba nyumba za watu, hakuna ugonjwa wa gari Uvira usiosingiziwa yale maji, hata kama gari lilinunuliwa baadaye.

Gari la umri huu halihitaji kompyuta ya kulipima. Chini ya kapo kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unawasha kontakti bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyokonyeza. Nilitumia kibanio cha nywele cha mke wangu, ambacho bado anakitafuta. Taa ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja. Ishirini na moja! Kwenye Toyota za enzi hizo namba hiyo humaanisha sonda ya oksijeni.

Sonda ni pua ya gari. Imechomekwa kwenye bomba la moshi, inanusa oksijeni iliyobaki, kisha inaipasha habari kompyuta ya injini. Bosch waliitoa mwaka 1976, na Volvo ndio waliotangulia kuifunga kwenye magari yao. Inasema kwa volti: ikikaribia 0.9, mafuta yamezidi, ikikaribia 0.1, hewa imezidi. Sonda nzima haitulii. Inarukaruka kati ya namba hizo kama mtoto anayetaka kwenda chooni katikati ya ibada.

Niliazima multimeta kwa fundi wa simu. Kufika nyumbani, watu tisa walikuwa wamekwisha kukaa ukutani kutazama.

Kipimo cha kwanza kilitoa sifuri tupu. Nikatangaza kifo. Motari mmoja akauliza kama injini ina moto. Haikuwa na moto. Pua hii husinzia mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi, nami nilikuwa nimeipima ikiwa baridi kama chai ya jana.

Tuliiacha injini ingurume dakika kumi. Binamu yangu alikuwa amenihakikishia kwamba waya wenye habari ni mweusi. Nikauchoma pini: volti 14.1! Ukutani wakapiga makofi. Kwa hesabu yangu sonda ilikuwa inanusa kwa nguvu mara kumi na tano kuliko inavyotakiwa, na kwa dakika nzima nilisimama pale kama mmiliki wa gari la ajabu duniani. Binamu hakudanganya, kwenye sonda nyingi za Ulaya mweusi ndio unaosema. Ila hii ilikuwa Denso. Kwa Denso nyaya mbili nyeusi ni za kuipasha moto, na unaosema ni wa buluu. Nilikuwa nimepima betri yangu mwenyewe kwa kuzunguka mbali.

Wa buluu ukatoa 0.1. Nikakanyagiwa mafuta, 0.1. Nikasubiri, 0.1. Sonda imekufa, nikasema, na safari hii hakuna aliyebisha. Nikavuka mpaka wa Kavimvira hadi Bujumbura, nikanunua nyingine ya okazioni, nikaifunga, nikaunguza vidole viwili. Nikapima.

0.1.

Mama wa ndagala alikuwa amekuja na kigoda chake. Hakusema neno. Alichukua kitambaa, akampa mtoto aliyekuwa karibu aukandamize mdomo wa bomba la moshi kule nyuma. Ile tse-tse-tse ikawa mluzi, na mluzi ulitoka mbele, pale bomba linapoungana na injini. Pale palikuwa na tundu. Kila moshi unapopiga kumbo kutoka, tundu linavuta hewa ya nje, sonda inainusa, inasema kweli kwamba kuna hewa nyingi, na kompyuta inaongeza mafuta kwa huruma.

Tukafungua. Jointi iliyokuwa pale haikuwa ya dukani. Ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la nyanya, na sura ya nyanya ilikuwa bado inaonekana upande mmoja. Miaka miwili nyuma fundi fulani aliifunga kwa haraka, akaahidi kurudi. Fundi huyo ni mimi.

Jointi mpya ilipoingia, namba zikaanza kucheza: 0.2, 0.8, 0.3, 0.7. Nikatoa fyuzi ya EFI kidogo ili kompyuta isahau yaliyopita, na taa ikazimika.

Mama hakudai pesa. Alidai nimpeleke Kalundu asubuhi akachukue samaki, na nilipokubali hakunieleza ni beseni ngapi. Zilikuwa nne, mbichi, moja ikamwagika kwenye kona. Hiyo ni wiki ya pili sasa. Kila asubuhi ninafungua mlango, ninashusha vioo vyote, ninawasha, ninatazama dashibodi. Hakuna taa hata moja inayowaka.