Bure, Ukishalipa

Wataalamu wa mjini hutuhakikishia sisi wa Ntalikwa kwamba programu huria ni bure. Ni kweli. Msimbo chanzo unapakuliwa bila kulipia hata senti, kisha unaiamuru kompyuta ya mezani iukompaili. Hapo ndipo msafara unapoanza. Ulitaka maktaba ya msimbo iitwayo libcurl tu. Ili ifungue https, yenyewe inadai nyingine kama OpenSSL, na OpenSSL nayo haijengeki bila Perl. Kila mmoja ana hongo yake, kama watemi wa Ugogo walivyowatoza wenye misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora. Tofauti ni kwamba watemi waliridhika na shanga na nguo. Hawa wanakula vifurushi vya intaneti.

Ukishalipa wote, feni ikivuma na mistari ikitiririka kiooni, umeme unakatika. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, angalau sababu ilijulikana: alikuwa na ugomvi na wafanyabiashara wa Unyanyembe. Sisi hatuna ugomvi na mtu.

Basi mtaalamu, endelea kutusifia bure yako. Ila siku ukija Ntalikwa kutufundisha, njoo na jenereta, mafuta yake na kifurushi cha mwezi. Uhuru usibebe, tunao wa kutosha.