Lenzi Iliyogoma Nyumbani Kwetu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye anayepiga picha mtaani kwetu Kabambare, Kongo. Ana Nikon D3100 ya mtumba iliyotokea Bujumbura, pamoja na lenzi iliyokuja nayo, ile fupi ya milimita 18 hadi 55. Kwa picha za kitambulisho, za wanafunzi waliofaulu na za vijana waliorudi na chochote kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, inamtosha. Mchana anamsimamisha mtu kando ya ukuta wenye chokaa, jua linafanya kazi iliyobaki. Shida yake ni usiku, na harusi zetu hukolea usiku, chini ya taa mbili tatu za sola.

Usiku lenzi ile haina macho. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na mwanga unaoingia ni mdogo sana. Akiwasha flashi ya kwenye kamera, paji la uso la bibi arusi linameta, macho yanafumba, na watu wote walio nyuma wanamezwa na giza. Nimeziona picha za namna hiyo nyumba nyingi: msichana peke yake katikati ya weusi, wakati usiku ule shangazi zake wote walikuwa wamesimama naye. Mimi hilo linaniuma. Siku mama mmoja akifariki, watoto watatafuta sura yake katika picha ya harusi ya dada yao, na haimo.

Kwa hiyo wifi yangu wa mwisho alipochumbiwa na kijana wa Kasongo, ukoo ukaitana kununua lenzi.

Mama mkwe alitoa fedha ya mchele na mafuta ya mawese. Mume wangu alitoa dolari alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati. Baba mdogo aliuza mbuzi, na mwenye mbuzi ana neno.

"Tununue ndefu," alisema. "Ile ya kushikwa kwa mikono miwili. Watu wa Kasongo wakija, waone kwamba hii familia iko na aparei ya kweli."

Alikuwa ameiona lenzi ya 70 hadi 300 mkononi mwa mwandishi mmoja aliyepita na msafara wa misaada, na haikumtoka moyoni. Shemeji alimjibu kwa heshima, akiangalia chini, kwamba baba, ile ni ya kuvutia ndege na wachezaji wa mpira walio mbali. Kwenye kamera kama hii, milimita 300 zinaona kama 450. Ndani ya uwanja wetu mtu atalazimika kupiga picha akiwa kwa jirani. Na mwanga wake ni uleule wa f/5.6, kwa hiyo usiku kila mkono ukitikisika kidogo picha inaharibika, labda ununue na stendi ya miguu mitatu, na ukiwa na stendi katikati ya wanaocheza utaangushwa nayo. Yeye alitaka 50 mm ya f/1.8. Ni ndogo, nyepesi, bei yake inashikika, na ikifunguka yote inapitisha mwanga karibu mara kumi kuliko ile ya zamani ikiwa imevutwa.

"Haivuti?" baba mdogo aliuliza.

"Haivuti, baba. Unasogea kwa miguu."

"Mbuzi wangu mzima kwa kitu kisichovuta."

Tulimaliza mchele wote wa siku ile tukibishana. Mama mkwe ndiye aliyekata. Aliuliza ni ipi kati ya hizo mbili itakayomwona yeye akiwa amekaa penye giza na wamama wenzake. Shemeji akasema ni ile ndogo. Basi.

Fedha ilitumwa kwa simu kwa mtoto wa mama mkubwa, anayefanya biashara Dar es Salaam. Lenzi ingekuja kwa njia ya Kigoma, ivuke ziwa hadi Uvira, ipite Baraka, Fizi na Lulimba, kisha ipandishwe pikipiki ya motari hadi kwetu. Tukaanza kungoja.

Kungoja mzigo unaopitia ziwani ni kazi ya zamani hapa. Mmisionari Livingstone, aliyeandika jina la mahali petu kama Bambarre, alikaa hapa miezi mingi kuanzia katikati ya 1870, miguu imejaa vidonda, akiwangoja watu na bidhaa zake kutoka pwani. Karatasi zilimwishia, wino ukamwishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya mbegu za mimea. Barua aliyoiandika hapa Februari 1871 ilififia hadi haikusomeka. Mwaka 2010 wataalamu waliipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, hadi maandishi yakajitokeza. Shemeji alikisimulia kisa hicho kila jioni tuliyokuwa tukingoja. Alimwambia kila mtu kwamba neno la Kabambare lilikuwa limepotea karibu miaka 140 na kilicholirudisha ni mtu kuchagua mwanga sawasawa.

Motari alifika siku ya mvua, amelowa hadi mifukoni. Kifurushi kilikuwa kimefungwa vizuri kwa plastiki, ila sanduku la karatasi lilikuwa limevuta unyevu. Shemeji hakuwepo. Alikuwa Salamabila. Mama mkwe, mwenye nyumba, alifanya kile ambacho kila mtu amesikia kinafanywa kwa simu iliyoingia maji: aliizika lenzi katika kikapu cha mchele mpya, akafunika.

Mchele wetu hupigwa kinuni, na hata ukipetwa unabaki na unga wa pumba, laini kuliko vumbi la barabara. Asubuhi lenzi ilitoka nyeupe. Unga ulikuwa umejaa katika kila mfereji, kwenye meno ya pete, pembeni mwa kifuniko. Wajukuu wawili, kwa kutaka kumsaidia bibi, wakaichukua na kuifuta kwa pindo la kitenge, wakizungusha kila kinachozunguka. Nilipotoka shambani niliikuta juu ya meza inang'aa, na watoto wanangoja kusifiwa. Niliwasifu, kwa sababu kioo cha mbele hawakukigusa; kifuniko kilikuwa hakijatolewa.

Unga uliobaki niliutoa kwa ule mpira wa duka la dawa ambao akina mama huutumia kuwasafisha watoto tumbo. Ulikuwa mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Unaminya, unatoa upepo mkavu usio na mate, na pumba zinaruka. Hadi leo ndio kifaa chetu cha kupulizia, na ndicho nitakachomwambia mtu yeyote wa huku anunue kwanza. Kitambaa kikipita juu ya mchanga, mchanga unachora kioo. Upepo hauchori.

Shemeji akarudi, akaifunga kwenye kamera, ikalia tik, ikakaa. Akaminya kitufe. Kimya. Akaminya tena. Kwenye kidirisha cha kuchungulia herufi tatu zikawa zinawaka na kuzimika: FEE.

Baba mdogo alisoma shule ya mapadri, na Kifaransa chake bado kina nguvu. Alichungulia, akairudisha kamera mezani polepole. "Hii aparei iko na jini," alisema, "na limesema jina lake." Katika vitabu vyao vya darasa la nne, fée alikuwa yule mwanamke wa hewani anayegeuza watu. Mama mkwe hakubishana na kitabu. Aliamuru kamera ilale kwa jirani. Usiku ule ukoo ulimgawana mtoto wa mama mkubwa: wengine wakasema amekula fedha akatuma kitu kibovu, wengine wakasema amefanyiwa hila na mwenye duka, na mume wangu akasema angepata mabati yake mapema angekuwa amelala.

Mimi nilikichukua kitabu cha maelekezo, nikakaa nacho karibu na taa. Herufi zile zina maana moja tu: pete ya namba iliyo kwenye lenzi imetoka mahali pake. Lenzi hii ni ya aina ya D, ambayo bado ina pete ya kufungulia tundu kwa mkono. Kwenye kamera ya dijitali pete hiyo lazima ikae kwenye namba kubwa kuliko zote, 22, iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa, na pembeni kuna kikufuli kidogo cha kuibana. Watoto waliifungua walipokuwa wanafuta pumba. Alfajiri nilikwenda kwa jirani na shemeji, nikairudisha 22, nikasukuma kikufuli. Jini likaondoka.

Ugomvi ulibaki nusu, kwa sababu lenzi ilipiga picha lakini haikujilenga. Hapa mwenye duka alituumiza kweli. Nikon haijabadilisha umbo la mdomo wa kamera zake hizi tangu 1959, kwa hiyo lenzi nyingi za zamani zinakaa. Ila lenzi za AF za zamani hazina mota ndani. Zinategemea skrubu ndogo inayotoka kwenye kamera na kuzizungusha. Kamera ndogo kama D40 ya 2006, na hii D3100 yetu, hazina skrubu hiyo. Nilimwonyesha shemeji: kwenye chuma cha lenzi, upande wa nyuma, kuna tundu dogo lenye mfereji, na kwenye chuma cha kamera hakuna kitu cha kuingia humo. Iliyotakiwa ni AF-S, na ya 50 mm f/1.8 ilitoka mwaka 2011. Anayeagiza kutoka mbali lazima aandike herufi zote, hadi ya mwisho, na amlazimishe muuzaji kumpigia picha ya maandishi yaliyo kwenye lenzi kabla ya kulipa.

Kuirudisha Dar haikuwezekana; harusi ilikuwa imekaribia. Lakini kamera ile, hata ukilenga kwa mkono, inakusaidia: chini kushoto mwa kidirisha nukta ya kijani inatulia pale kitu kinapokuwa sawa. Shemeji akajifunza nukta. Mama mkwe alikaa kibarazani akipeta mchele, na kijana akawa anaifukuzia mikono yake, ungo ukipanda na kushuka, kutwa nzima, hadi vidole vyake vikajua pete ilipo bila kutafuta. Kwa mita mbili, f/1.8 inaacha sehemu iliyo wazi ya sentimita 11 hivi. Pua ikiwa safi masikio yanaweza kuwa ukungu. Akaamua usiku atafunga hadi f/2.8 na kuongeza ISO, akubali chengachenga.

Picha za harusi ile ziko ukutani kwetu. Katika moja, wamama saba wamekaa mkekani chini ya taa ya sola, na unasoma uso wa kila mmoja, hata aliye mwisho, hata kovu la shavuni la dada yake mama mkwe.

Fedha ya kazi zilizofuata ilileta baraza jingine. Nilisimamia vitu viwili: ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na chembe za silika za kukausha humo ndani, ambazo zikishiba unyevu unazikaanga polepole juu ya makaa na kuzirudisha. Kwa mvua zetu, lenzi inayolala kwenye begi la ngozi huota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba ambazo hakuna kitambaa kitakachozifikia. Filta tulinunua moja tu, maana lenzi zetu zote mbili zina mdomo wa milimita 52. Baba mdogo alikuwa na fedha ya mbuzi mwingine. Aliuliza tena bei ya ile ndefu. Kisha akauliza betri moja inapiga picha ngapi. Shemeji akamwambia kiwandani wanasema 550, lakini siku ya pili ya harusi, bila jua la kuchajia, ilizimika wakati wazee wanatoa baraka.

"Na mimi ndiye nilikuwa nasema," alisema baba mdogo, akaweka dolari mezani. "Nunua betri."