Kiyoyozi Kilichopanda Newala

Kiyoyozi cha mama mdogo kilinunuliwa kwa hela ya korosho na kufungwa sebuleni kwake Masasi. Hakuna aliyekionea kijicho, maana nusu ya mtaa ilikuwa inakuja kukaa chini yake. Anayeijua Oktoba ya Masasi anaijua. Ile milima ya mawe inayouzunguka mji inashika jua mchana kutwa, na giza likiingia inaanza kulirudisha.

Newala ni habari nyingine. Iko juu, ukingoni mwa nyanda za Makonde, na mwezi wa Juni na Julai ukungu unafunga asubuhi nzima na upepo unapenya hata pale palipozibwa. Bibi yetu anaishi huko, na kifua chake hakipatani na baridi. Jiko la mkaa chumbani tulimkataza, kwa sababu hewa yake ya sumu inaua watu wakiwa usingizini. Ndipo mjomba, ambaye kwetu sisi Wamakonde neno lake kwa watoto wa dada zake ni zito, akasema, "Mashine ya mama yenu mdogo ina alama ya jua kwenye rimoti. Jua ni joto. Ipelekeni kwa bibi yenu."

Alisema kweli. Kiyoyozi chenye alama ya jua hakiunguzi kitu. Ukichagua theluji, kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Ukichagua jua, vali iliyofichwa ndani ya mashine ya nje inaigeuzia gesi njia, na safari yote inakwenda kinyume: joto linaokotwa nje, hata kwenye hewa ya Newala ya nyuzi 16, na kuletwa ndani. Umeme unalipia ubebaji tu, ndiyo maana uniti moja inaweza kuingiza joto la uniti tatu. Kwa kikongwe anayekohoa usiku, sijui zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Mkasa ulianza na feni. Jioni ya kwanza bibi alikaa kitandani amejitanda kanga mbili, akaisubiri. Rimoti ikalia, taa ikawaka, feni ikanyamaza.

"Mmeniletea jiko lisilo na moto," akasema.

Feni ilikuwa nzima. Mashine ikiwa kwenye jua, feni ya ndani husubiri kwanza koili ipate moto, isije ikampulizia mtu baridi. Kuna kihisi kidogo kilichobanwa kwenye bomba, na mpaka kitoe ruhusa zinaweza kupita dakika kadhaa. Lakini nani aliyekuwa na dakika hizo? Wajukuu wakabonyeza theluji, wakabonyeza tone la maji, wakarudi kwenye jua. Kila kompresa ilipozimika, ilijizuia kama dakika 3 kabla ya kuwaka tena, kwa usalama wake. Kwenye lile tone, ambalo ni la kukausha unyevu, kitufe cha kasi ya feni hakikuitika kabisa, maana hapo mashine nyingi hujichagulia mwendo wa polepole zenyewe. Wakaamua rimoti imekufa. Betri zikatolewa kwenye redio ya bibi.

Huko nje mashine ikawa inadondosha maji, jambo la kawaida ikiwa inaleta joto ndani, kwa kuwa koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi na unyevu wa ukungu unaigandia. Mtoto akakinga ndoo. Newala maji hayaachwi yaende: mvua inazama mchangani, nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya bati, na ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Usiku ule bibi aliisifu ndoo kuliko mashine.

Asubuhi mjomba akaita fundi, kijana mpole anayezijua friji zake vizuri. Mashine ilikuwa inawaka, kwenye jua. Akafunga mpira wa geji kwenye vali ya bomba nene, na sindano ikapanda hadi karibu na psi 400. "Gesi imezidi," akasema. Akafungulia, ikatoka ikipiga mluzi, sindano ikashuka, na wote tukashusha pumzi.

Hapa ndipo ninapotaka kila mwenye kiyoyozi aniangalie. Sindano haikukosea. Kwenye theluji bomba nene linarudisha gesi baridi, na kwa gesi yetu, R410A, geji hukaa karibu na 130. Kwenye jua, bomba hilohilo ndilo linalobeba gesi ya moto inayotoka kwenye kompresa, na 400 ni afya tupu. Kijana aliona homa kwa mtu mzima, akamtoa damu. Na iliyotoka haikupotea bure: kilo moja ya gesi hiyo hewani inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, na ndiyo jamii ya gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza mjini Kigali mwaka 2016.

Bibi aliumaliza msimu wa baridi kwa joto la kuokoteza. Mashine ikateremshwa Masasi, na Oktoba ilipowadia, koili ya ndani ikavaa barafu nyeupe, kisha barafu ikayeyukia kwenye kochi jipya la mama mdogo. Majirani walipigwa na butwaa: barafu imejaa, chumba kinachemka.

Mzee aliyekuja kutengeneza hakugusa geji. "Ipo alama gani? Feni ipo kasi ipi?" Akaiweka kwenye alama ya feni peke yake mpaka barafu ikaisha. Akavuta vichujio. Vilikuwa na utando wa vumbi lililochanganyika na unga wa njano, salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Akaviosha. "Hewa isipopita, koili inaganda hata gesi ikiwa kamili. Gesi haihukumiwi kabla ya hewa." Ndipo akaweka theluji, nyuzi 16, feni juu kabisa, akasubiri itulie, akapima. Sindano ilikuwa chini mno. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote; hakuna lililochemka.

"Hii haikuvuja. Ilitolewa na mtu."

Mama mdogo akamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia dari.

Mzee akakusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, akavuta hewa yote kwenye mabomba, akajaza upya kwa mizani, gramu kwa gramu, kama kibandiko cha mashine kinavyosema. Halafu akahamishia mpira kwenye geji nyekundu inayostahimili nguvu, akabonyeza jua. Mjomba alichuchumaa akaifuata sindano ilivyopanda mpaka karibu na 400, palepale ilipokuwa Newala.

Bili aliilipa yeye, kwenye malipo ya mnada wa kwanza wa korosho. Kijana hakumgombeza. Alimtumia nauli ashuke Masasi, akamkabidhi kwa mzee, na kijana akarudi na daftari lenye kurasa mbili: moja ya theluji, moja ya jua. Mwezi wa Mei yeye ndiye atakayeifunga tena mashine kwa bibi, na mama mdogo amekubali, kwa sharti kwamba kochi linunuliwe kitambaa kingine.