Namna ya Kumaliza Kazi Kabla Mvua Haijawacheka

Kaloleni, huku pwani ya Kenya, haina uhaba wa vikundi. Kuna vya akina mama vya kuweka akiba, vya vijana wa bodaboda, vya wakulima wa minazi na mihogo, vya maji, vya mazishi, vya wazazi wa shule. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usajili wa vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua 10, na watu 10 hawatafutwi mbali. Kila kikundi kina mwenyekiti, katibu, mwekahazina na muhuri. Muhuri hununuliwa mapema kuliko jembe.

Kinachoadimika ni kazi iliyokwisha siku ile iliyosemwa kwamba itakwisha. Mashimo huchimbwa nusu, mvua ikayafukia. Miche hufika, mashimo hayapo. Kisha kikao huitwa kujadili kilichotokea, nacho huchelewa kuanza kwa saa mbili.

Mwongozo huu ni wa vikundi hivyo. Una maneno makali mahali pengine, kwa sababu pesa zinazopotea ni za mama aliyeuza makuti na madafu akatoa mchango wake kila wiki bila kukosa. Mama huyo anastahili kuona shamba, na hotuba hazimfai kitu. Basi tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho: kikundi cha watu 20 kinachotaka kupanda minazi kwenye ekari 4 kabla ya mvua za mwaka, zile za kuanzia Aprili hadi Juni.

Hatua ya kwanza: mfukuzeni "kuboresha" kikaoni

Fungueni daftari la kumbukumbu msome maazimio ya mwaka jana. Mtakuta jambo kama hili: "Kikundi kiliazimia kuboresha kilimo cha minazi kwa ushirikiano na uwajibikaji." Siku ile kila mtu alipiga makofi, na haki yao, kwani azimio hilo halimpi mtu kazi yoyote. Haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kutimia.

Lifuteni, muandike hivi: "Ifikapo Aprili 15, miche 200 ya minazi iwe imepandwa kwenye ekari 4." Idadi hiyo haikuotwa. Minazi yetu mirefu huhitaji nafasi ya kama mita 9 kati ya mti na mti, na kwa nafasi hiyo ekari moja hubeba minazi 50. Atakayetaja 500 ili kumfurahisha mfadhili atalazimika kuipanda mingine barabarani kuelekea Mariakani.

Kipimo cha lengo zuri ni rahisi. Mpeni mtoto wa darasa la nne karatasi yenye lengo lenu, mumtume shambani. Akirudi na kusema "limetimia" au "imebaki miche 35", lengo lenu linapimika. Akirudi kuuliza mwenyekiti alikuwa na maana gani, rudini mkaandike upya.

Hatua ya pili: anzeni mwisho mrudi nyuma

Mnazi haupokei samahani. Nazi ya mbegu huchukua miezi 2 hadi 4 kuchipua, na mche hukaa kitaluni miezi 6 hadi 12 kabla ya kuwa tayari kwa shamba. Hesabuni kurudi nyuma kutoka Aprili. Nazi zinatakiwa ziwe zimelazwa kitaluni kufikia Agosti ya mwaka uliotangulia, tena ziwe zaidi ya 200, maana si kila nazi huota.

Kikundi kinachokaa mwezi Machi "kupanga upandaji wa Aprili" kina njia mbili tu: kununua miche kwa mtu aliyehesabu mapema, au kukubali kwamba kinapanga upandaji wa mwaka ujao. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hupendwa, ni kulaumu mvua. Mvua za mwaka zimekuja wakati huo tangu enzi za wazee wa kaya, na hazikuwahi kupelekewa nakala ya ratiba ya kikundi.

Andikeni tarehe zote mfululizo: nazi kitaluni, shamba limefyekwa, vijiti vimewekwa kuonyesha mashimo, mashimo yamechimbwa, samadi imefika, miche imepandwa. Tarehe moja ya mwisho ikisimama peke yake, kila mtu ataamka siku ya mwisho.

Hatua ya tatu: kila kazi iwe na jina la mtu mmoja

Mwaka 1981 Mmarekani aitwaye George T. Doran aliandika makala fupi katika jarida la wasimamizi wa kazi, akataja sifa tano za lengo zuri. Sifa hizo zimezunguka dunia, na huenda mmewahi kufundishwa kwenye semina yenye chai na mandazi. Liwe mahususi, lipimike, liwezekane, liwe na muda: hizo zinakumbukwa. Iliyobaki katika makala yake ilikuwa kwamba ijulikane ni nani atakayeifanya kazi. Wengi wa waliokuja baadaye waliiondoa hiyo wakaweka nyingine laini zaidi. Sisi tuirudishe, maana kwetu hapo ndipo kazi inapofia.

"Sote tutashughulikia samadi." Samadi hiyo haitafika. Semeni ni nani, kwa jina lake, ataileta, lini, na kwa gari la nani. Watu 20 na mashimo 200 ni mashimo 10 kwa kila mtu, na kila mtu awekewe vijiti vyake avione kwa macho.

Katika kugawa, heshima isisahaulike. Bibi mwenye miaka 70 asikabidhiwe mashimo 10 kwa jina la usawa. Mwombeni yeye na wazee wenzake wachague nazi za mbegu, kwani wanaujua mnazi uzaao vizuri na mnazi wenye majivuno matupu. Hiyo ni kazi kamili, ina idadi yake na siku yake, na mashimo ya wazee wagawane vijana. Mwenyekiti naye ana mashimo. Kuongoza hakumwondolei mtu vijiti vyake.

Serikali yenyewe iliona haja hii. Mwaka 2004 Kenya ilianzisha mikataba ya utendaji kwa mashirika 16 ya umma, wakuu wakatia sahihi kazi walizoahidi kutimiza. Ikiwa mkurugenzi wa shirika zima huweza kuandika jina lake chini ya ahadi, katibu wa kikundi cha minazi hatadhurika akifanya vivyo hivyo.

Hatua ya nne: pimeni ya jana, msipime matumaini

Muulize mwanachama yeyote atachimba mashimo 10 kwa muda gani. Atajibu, "Asubuhi moja tu, mwenyekiti." Hasemi uongo, anaamini kabisa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mtu akipanga kazi huiona njia nyoofu peke yake, husahau kazi kama hiyo ilivyomchelewesha zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu wangemaliza lini. Kwa wastani walikisia siku 34. Walipoambiwa wakisie mambo yakienda vibaya kabisa, walisema 49. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi.

Dawa yake ni jembe. Mchague mtu wa nguvu za kawaida, achimbe asubuhi moja, mhesabu. Shimo la mnazi ni la kama sentimita 60 kila upande, na likifika 90 mche hufurahi zaidi. Akimaliza mashimo 4 kabla ya jua kuwa kali, basi mashimo 10 ni asubuhi tatu. Hapo hakuna haja ya kubishana.

Kisha toeni siku zisizo zenu. Ijumaa na Jumapili zina wenyewe. Shule zikifunguliwa, nusu ya wanachama wako njiani wakitafuta karo. Na kuna mahanga. Kikundi kinachopanga mwezi mzima Kaloleni bila hanga hata moja kinapanga kazi ya nchi nyingine. Watu watakwenda kuzika, na ni haki waende. Ratiba ya watu wenye utu huziwekea siku hizo nafasi tangu mwanzo, ili msiba usigeuzwe kisingizio na mfiwa asigeuzwe mkosaji.

Hatua ya tano: kagueni kila jumwa

Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kinaipa kazi mwezi mzima wa kutanuka.

Wamijikenda wa pwani yetu wana juma lao la siku nne, na siku ya jumwa jembe la shamba hupumzika. Mpaka leo wapo watu wanaoitwa Jumwa kwa sababu ya siku hiyo. Itumieni. Siku 60 zina jumwa 15, wakati vikao vya mwezi katika siku hizo ni viwili tu. Kikundi kinachojitazama mara 15 hugundua tatizo likiwa la siku nne, na tatizo la siku nne hurekebishika.

Ukaguzi huo usiitwe kikao, maana likitajwa hilo patatafutwa viti. Simameni shambani dakika 10. Kila mtu ajibu maswali matatu: nimemaliza mangapi tangu jumwa iliyopita, nitamaliza mangapi kufikia jumwa ijayo, na nini kimenikwamisha. Katibu aandike idadi kwa rangi kwenye kipande cha ubao kilichopigiliwa mtini, kila mpita njia aione: 63 kati ya 200. Mgema hupanda mnazi wake asubuhi na jioni, na kwa kutazama tembo kwenye chombo anajua papo hapo mti upi umepunguza. Hangoji mkutano mkuu wa mwaka kuambiwa.

Hatua ya sita: hesabuni kilicho hai

Novemba 13, 2023 Kenya nzima ilipewa mapumziko ya kupanda miti, na lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100. Lengo kubwa zaidi ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni nia njema, nayo inatufundisha jambo linalohusu hata ekari 4. Kupanda ni kazi ya siku moja na picha zake hupendeza. Mti ni kazi ya miaka.

Baada ya mvua huja kiangazi, na kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma, jua la Kaloleni halimwonei huruma mche mchanga. Mchwa wapo. Chonga, yule mdudu mwenye pembe atoboaye kilele cha mnazi, yupo. Mbuzi wa jirani yupo, na mara nyingi jirani huyo ni mwanachama. Kwa hiyo andikeni lengo la pili chini ya lile la kwanza: "Ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata, miche isiyopungua 180 iwe hai." Lenyewe pia liwe na majina: nani anamwagilia safu ipi, nani anazungushia ua, nani anaongea na mwenye mbuzi kwa adabu kabla ya kwenda kwa mzee wa mtaa.

Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Mche uliokufa ukagunduliwa baada ya miaka 2 umewaibia wanachama miaka 2 ambayo hakuna faini inayoirudisha. Ndiyo maana hesabu ya siku ya picha haitoshi.

Hatua ya saba: tozeni faini kwa kunyamaza

Vikundi vingi hutoza faini anayeshindwa kumaliza kazi. Matokeo yake ni kwamba watu hujifunza kutaja idadi tamu. Mashimo 6 husemwa 10, na ukweli hujulikana siku miche inapofika. Geuzeni kanuni. Anayesema mapema, "Nimekwama, nina mashimo 4, mtoto yuko hospitali," asitozwe hata shilingi, na vijana wawili waende kumsaidia kabla ya jumwa ijayo. Anayeficha ndiye alipe.

Na sifa zitolewe kwa kipimo. Wahenga walituonya kuhusu mgema anayesifiwa. Msifuni mtu baada ya kuhesabu mashimo yake, mtaje na idadi, ili sifa isiwe maji ndani ya tembo. Ikiwa kikundi kimefikisha mashimo 190 kati ya 200, msiseme mmeshindwa, wala msiseme mmetimiza. Semeni 190, mseme ni nini kilizuia yale 10, myawekee siku mpya.

Kikao chenu kijacho kisifungwe kwa sala kabla ya kuandikwa karatasi moja yenye mambo matatu: idadi, jina na siku. Isomwe kwa sauti, kila aliyetajwa aitikie, kisha ibandikwe pahali penye watu. Kikundi kitakachofanya hivyo kitaona minazi yake ikizaa. Kisichoweza kuandika hayo matatu kirudishe michango ya wanachama, kwa maana wale akina mama walitoa pesa zao ili miti ipandwe.