Funguo Nne za Peugeot

Peugeot 504 ya mume wangu ilikuwa na funguo nne, na kila ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Wa swichi alikaa nao yeye. Wa milango nilikuwa nao mimi. Wa buti alikuwa nao mama mkwe, kwa kuwa ndiko ndagala zake kutoka Rumonge zilikolala kabla ya kwenda sokoni. Wa kifuniko cha tangi alipewa Saidi, mtoto wetu mkubwa, maana ndiye aliyekuwa akitumwa foleni ya mafuta. Hakuna aliyeupanga utaratibu huu. Gari lilikuwa limebadilishwa milango na vitasa kwa vipuri vya magari yaliyokufa, na kila kipuri kilikuja na ufunguo wake. Lakini nyumba ilitulia; hata mgawanyo wa madaraka ya nchi yetu uliosainiwa Arusha mwaka 2000 ulikuwa na ugomvi zaidi.

Basi mafuta yakaadimika Bujumbura. Baba Saidi akalala garini, foleni ikasogea, akafika kwenye pampu, na ufunguo wa tangi uko nyumbani ndani ya kaptula ya shule. Honi nyuma, matusi pembeni. Alirudi na tangi kavu na azimio moja.

“Gari zima, ufunguo mmoja!”

“Na atakaa nao nani?” akauliza mama mkwe.

Swali likapita bila jibu. Mwanamume ambaye mgeni hamalizi chai kwake kabla ya kuambiwa kuwa 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 hasumbuliwi na mambo madogo.

Akafungua vitasa vyote, akavimwaga juu ya meza ya jikoni. Nakiri vinapendeza. Ndani ya silinda mmejipanga vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na tundu katikati na springi yake ndogo ubavuni. Ufunguo wa haki ukiingia, vibati vyote hulala sawa na uso wa silinda, nayo ikazunguka. Ukiingia wa kigeni, kimoja au viwili hubaki vimechomoza na kuzuia. Kwa kuwa matundu ya vibati yako kwenye vimo tofauti, fundi mzuri huvihamishahamisha mpaka vikubali ufunguo anaoutaka. Fundi mwenye haraka huchukua tupa.

Baba Saidi alichukua tupa. Kila kilichochomoza akakisugua. Springi zikaruka, mbili mama mkwe alizikuta kwenye chekecheke, akichunga unga wa muhogo wa jioni, akaziweka pembeni ya sahani ya mwanawe bila neno.

Ufunguo mmoja ukafungua kila kitu, kweli. Tatizo ni kwamba ufunguo wa kabati la mama mkwe nao ulifungua. Aliujaribu mwenyewe, mbele ya majirani.

Tukaenda Buyenzi, kwa mafundi wanaojua magari haya kuliko walioyaunda. Fundi akainua silinda kwenye mwanga, akacheka. “Baba Saidi, umenyoa mpaka ngozi.” Akavuta kopo la vibati vya zamani, akavipima kimoja kimoja kwa jicho na kidole, akajaza upya. Kisha akauliza achonge nakala ngapi, na hapo mama mkwe akasogea mbele: “Wangu kwanza.”

Kila mtu akapata wake. Ndagala zikaanza kupungua butini, na hakuna aliyezila. Jumapili moja, wakati wa swala ya adhuhuri, tukasikia 504 ikiguruma uani, Saidi kwenye usukani, mguu haujui breki iko wapi. Ukuta wa jirani ulitengenezwa wiki hiyo hiyo.

Kitasa cha swichi kikarudi Buyenzi kubadilishwa, na cha buti kikafuata, mama mkwe akiwa amekaa nacho mapajani njia nzima. Sasa funguo ni tatu. Wangu unafungua milango na tangi, kwa hiyo foleni ya mafuta imekuwa kazi yangu.