Shajara ya maabara: wiki ya fangasi

Jumatatu

Umeme umekatika asubuhi, slaidi ikiwa chini ya hadubini na mgonjwa akingoja kwenye benchi. Jenereta ya jengo haina mafuta. Nimetoa kabatini hadubini ya zamani, ile yenye kioo cha kuakisi mwanga, nikaiweka dirishani. Jua la Tanga likatosha.

Sampuli ni ya dada mmoja anayeuza vitenge sokoni. Ana muwasho, anaumia akikojoa, na anatokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani yake maganda ya dawa zote alizomeza tangu Ramadhani: siprofloksasini, amoksilini, metronidazo, kisha siprofloksasini tena. Kila alikopita aliambiwa ana UTI sugu. Hakuna aliyemwomba hata mkojo wa kupima. Nimeyapanga maganda yale mezani na nimekasirika sana.

Tone la potasiamu haidroksaidi huyeyusha seli za mwili na kumwacha fangasi aonekane, kwa kuwa ukuta wake ni mgumu zaidi. Nimemwona vizuri kabisa: seli za mviringo zinazochipua nyingine ndogo ubavuni, na kati yake nyuzi ndefu zenye pingili. Ni Candida. Mara nyingi fangasi huyu haokotwi chooni wala haletwi na mume. Anaishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwasumbua, kwa sababu kinga ya mwili na bakteria wanaoishi naye pale pale humzuia asizidi. Antibayotiki huua bakteria hao. Yeye haimgusi, maana si bakteria. Kwa hiyo dada huyu alikuwa akilipa pesa yake mwenyewe kumwongezea fangasi nafasi.

Daktari amehakikisha hana mimba, akampa kidonge kimoja cha flukonazo, miligramu 150. Mimi kwenye karatasi ya majibu, niliyoiandika kwa mkono kwa kuwa printa nayo imezimika, nimeongeza mstari: apimwe sukari. Sikuweza kumpima leo. Vijiti vya kupimia vimekwisha, na msambazaji ameahidi kuvileta Alhamisi.

Jumanne

Joto la usiku limeumua unga wa vitumbua vya Mama kupita kiasi. Alfajiri tumekuta ndoo imefurika, mchele uliosagwa na tui vimetiririka hadi chini ya kabati la vyombo, na siafu wameshafika. Tumeokoa kama nusu.

Hata hiyo nusu haikununuliwa. Pembeni ya soko yupo mtu mwenye kipaza sauti, anauza chupa za dawa ya kutoa "fangasi wa damu". Anawaambia wapita njia kwamba hamira ya vitumbua na maandazi huendelea kuumuka tumboni na kuwa fangasi. Wateja wa Mama wa miaka mingi wamepita wakiangalia upande mwingine. Mama amerudi na beseni zima kichwani, akalitua, akaingia chumbani bila kusema neno. Amenisomesha kwa vitumbua hivyo.

Jioni nilimfuata yule mtu. Nilipoanza kuzungumza akaongeza sauti ya spika, basi ninayaandika hapa niliyotaka kumwambia. Hamira ya dukani ni Saccharomyces cerevisiae. Fangasi anayesumbua watu ni Candida, hasa Candida albicans. Wote wawili ni wa kundi la chachu, wenye seli moja moja zinazochipua, lakini mmoja hageuki kuwa mwingine. Na hamira hufa joto likizidi nyuzi 60, wakati mafuta ya kitumbua hufika zaidi ya mara mbili ya hapo. Kinachobaki ndani ya kitumbua ni wanga, sukari na nazi. Mwenye kisukari apunguze kwa ajili ya hiyo sukari.

Fangasi wa damu yupo kweli, na ndiyo maana inaniuma kusikia akiuzwa barabarani. Humpata mgonjwa aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa, mtoto njiti, au mtu aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa wa tumbo. Wengi hufa hata wakitibiwa. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walimtambulisha ndugu yake mpya, Candida auris, aliyepatikana sikioni mwa mgonjwa. Leo huyo husambaa ndani ya hospitali na kushinda dawa nyingi, na Kenya wameshapambana naye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, auris na albicans wote waliwekwa kwenye daraja la juu. Mtu mwenye fangasi wa aina hiyo damuni hatembei sokoni akichagua nyanya.

Jumatano

Nimeamka na kukuta glasi mezani, maji yake yana nyuzi nyeupe zinazoning'inia. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameshaishika, anataka kunywa. Nimemnyang'anya, akalia, glasi ikavunjika.

Ilikuwa ya binamu yangu. Ameambiwa ateme mate kwenye maji kabla ya kupiga mswaki, na mate yakishuka nyuzi nyuzi, basi fangasi wamejaa mwilini. Mate ya mtu aliyeamka huwa mazito. Usiku hayatoki mengi, kinywa hukauka, ute hubaki. Ute ndio unaoshuka. Kipimo hiki kingemkuta na fangasi kila mtu aliyelala nyumba hii.

Binamu ameshanunua chupa mbili. Nimeuliza bei, akanijibu kwa sauti ndogo, na ni zaidi ya mshahara wangu wa wiki. Lakini kuchoka kwake si kwa kubuni. Anapumua kwa shida akipanda ngazi, moyo unamdunda, anasahau alichotumwa. Nimemwambia avae viatu twende kazini pamoja.

Wazo kwamba chachu ya tumboni ndiyo chanzo cha uchovu, huzuni, kuumwa kichwa na kila kitu halikuzaliwa Tanga. Mwaka 1983 daktari mmoja wa watoto huko Tennessee, Marekani, William Crook, aliliandikia kitabu kilichosomwa na watu wengi mno. Mwaka 1990 watafiti wa Birmingham, Alabama, walilipima kwa wanawake waliodhaniwa kuwa na tatizo hilo. Kwa kupokezana walipewa nistatini, dawa inayoua Candida, na vidonge visivyo na dawa ndani. Muwasho wa ukeni ulipungua zaidi kwa nistatini, kama ilivyotarajiwa. Uchovu na zile dalili nyingine za mwili zilipungua sawasawa kwa vyote viwili.

Damu ya binamu imesoma hemoglobini 7.9. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Miezi yote hii alikuwa akitibiwa fangasi ambaye hayupo, huku damu ikimwishia. Hedhi yake hudumu siku nyingi na hakuwahi kumwambia mtu. Daktari amemuita ndani na wamekaa muda mrefu.

Alhamisi

Vijiti vya sukari havikuja. Gari limekwama Segera.

Mama kijana ameleta mtoto wa wiki chache, ulimi mweupe wote na ndani ya mashavu. Bibi yake alikuwa akiusugua ulimi kwa kitambaa chenye chumvi mpaka ukatoa damu, kwa kuamini ni mabaki ya maziwa. Maziwa hufutika kirahisi. Utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukiubandua kwa nguvu unaacha pekundu panapovuja damu. Bibi huyu anampenda mjukuu wake, hilo lilionekana machoni. Nimempa shikamoo, nikamweleza polepole, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Ameandikiwa nistatini ya matone, mililita moja mara nne kwa siku, nusu kila upande wa mdomo, baada ya kunyonya. Mama apakwe dawa kwenye chuchu, la sivyo wataendelea kuambukizana. Wametoka, bajaji ikaruka tuta, chupa ikamwagikia kiti. Wamerudi na kitambaa kilicholowa rangi ya njano. Duka la dawa halikuwa na nyingine ya matone, ikabidi mhudumu aagize kwa simu hadi mtaa wa pili.

Dawa hiyo naiheshimu. Waliigundua wanawake wawili, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waliokuwa wafanyakazi wa idara ya afya ya jimbo la New York. Mmoja alikuwa jijini, mwingine Albany, na walikuwa wakitumiana sampuli kwa posta ndani ya chupa za kioo. Udongo uliowapa jibu ulichotwa kwenye shamba la ng'ombe la rafiki zake Hazen huko Virginia. Matokeo waliyatangaza mwaka 1950, wakaiita dawa kwa jina la jimbo lao. Hataza yake iliingiza zaidi ya dola milioni 13, na pesa hizo zote wakazielekeza kwenye utafiti wa sayansi. Hawakuchukua chochote.

Ijumaa

Babu wa nyumba ya pili amekuja akilalamika kaakaa linawaka. Anavaa meno ya bandia usiku na mchana. Alipoyavua ili nimwone, yaliteleza yakaangukia nyuma ya jokofu la sampuli, na ilibidi mafundi wawili walisogeze. Kaakaa lilikuwa jekundu kwa umbo lile lile la bamba la meno. Ayavue akilala, ayasugue, ayaloweke. Pia ana pumu na anavuta dawa ya steroidi kila siku bila kusukutua. Asukutue maji na kutema kila anapomaliza. Hakuna aliyewahi kumwambia, na dawa ile ameitumia miaka.

Jumamosi

Mvua kubwa. Paa linavuja juu ya meza ya mapokezi, daftari la wagonjwa limelowa na wino umechuruzika. Nimeanika kurasa kwenye kamba ya nguo.

Kijana wa bodaboda amefika ametota, amekonda. Kinywa ni cheupe hadi kooni, na kila akimeza anashika kifua. Fangasi anaposhuka kwenye umio wa kijana ambaye hana meno ya bandia, hana pumu wala kisukari, sipuuzi. Juni 1981, ripoti ya kwanza kabisa ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI ilieleza vijana watano wa Los Angeles, na wote walikuwa na Candida. Daktari amezungumza naye faraghani, akakubali kupima. Majibu ni yake, sitayaandika. Ninachoandika ni kwamba alikuwa ameshamaliza chupa moja ya yule mtu wa kipaza sauti, na wiki alizopoteza akiinywa zilikuwa na thamani kwake. Dawa zipo, ni za bure, na anayeanza mapema anaishi.

Jumapili

Mama amepika kidogo. Mwalimu wa madrasa amenunua vyote kwa ajili ya watoto.

Jumatatu

Vijiti vimefika, boksi moja badala ya matatu.

Dada wa vitenge amekuja kabla ya kula, kama nilivyomwomba. Muwasho umetulia. Nimemchoma kidole, nikafuta tone la kwanza, nikaweka la pili kwenye kijiti. 16.9. Nimerudia kwa kidole kingine: 17.1. Kwa mtu ambaye hajala tangu jana, kuanzia 7.0 tayari tunazungumzia kisukari. Nimechukua na damu ya mshipa ili kipimo kikubwa kithibitishe, umeme ukakatika mashine ikiwa katikati, nikaianza upya uliporudi.

Ameniuliza kama basi ile dawa ya fangasi ilikuwa bure. Nimemwambia hapana, imefanya kazi yake. Ila sukari ikibaki juu, hupita kwenye mkojo na majimaji ya mwili, fangasi hupata chakula, kinga hulegea, naye atarudi hata akimeza vidonge vya duka zima. Akanyamaza. Kisha akasema amekuwa akiamka usiku kunywa maji tangu mwaka jana, na mguu wa kushoto unamchoma. Hayo nayo hakuwa ameulizwa.

Daktari amemwanzishia metformini na kumwandikia kliniki ya kisukari Alhamisi, wampime na macho, figo na miguu. Foleni ya pale huanza saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia awahi, na duka amwachie mdogo wake.