Kocha Awe Mtu wa Mbali Kidogo

“Anatakiwa kocha. Awe na leseni ya CAF, awe na uzoefu wa mechi za kimataifa, awe mcha Mungu, awe na pikipiki yake, na awe tayari kujitolea.”

Tangazo hilo katibu wetu kaliandika kwa kalamu ya wino mzito, kalibandika kwenye mlango wa saluni ya kiume hapa Manundu, Korogwe, na chini yake kaweka namba yangu ya simu bila hata kuniambia. Tangu hapo sina raha. Kapiga mwalimu mstaafu wa hesabu. Kapiga kijana aliyejifunzia ukocha kwenye gemu la simu, anataka tucheze na mabeki watatu. Kapiga mtu kuuliza hiyo kazi ya kujitolea ina posho kiasi gani. Na wote wanataka kujua pikipiki inahusiana vipi na mpira. Haihusiani. Timu haina usafiri, na golikipa anakaa Old Korogwe.

Tunaburuza mkia ligi ya wilaya, sikatai. Mpira tunao mmoja, umeshonwa ukashonwa tena, sasa ukiupiga kushoto unakwenda unakotaka wenyewe. Upepo tunajaziwa na fundi baiskeli, naye siku hizi anataka hela kwanza. Jezi tuna seti moja: namba saba ziko mbili, namba nne haipo, iliondoka na beki aliyekwenda kuoa Lushoto akahamia ukweni. Uwanja unakatizwa na njia ya sokoni, kwa hiyo shambulizi zuri linaweza kusimama kumpisha mama mwenye beseni la ndizi. Lakini tukifungwa, hakuna anayeutaja mpira, wala jezi, wala beseni. Wote tunageuka kumtazama mtu mmoja aliyesimama pembeni na filimbi shingoni.

Na mtu huyo sharti atoke mbali. Kamati yetu haisemi hivyo waziwazi, ila mimi nimekaa kwenye vikao vya kutosha nikaielewa. Mwenyekiti ni baba mdogo wa straika. Katibu kamuoa dada wa golikipa. Mweka hazina ndiye mwenye mpira. Straika hajafunga bao tangu mvua za vuli, lakini nani atamweka benchi? Ukimgusa, umeugusa ukoo, na harusi ya binamu yake ni mwezi ujao, kadi ya mchango unayo mfukoni. Katika timu nzima anayefukuzika ni yule asiye na shangazi kwenye kamati.

Tulishawahi kumpa timu mtu wa hapahapa. Alikuwa mzuri, lakini tukafungwa, na ikabidi aondoke. Nani wa kumwambia? Kesho yake kulikuwa na msiba mtaani, tukakutana naye makaburini, tukala naye sinia moja. Utamwambiaje mtu kwamba falsafa yake imeshindwa huku mnapokezana jembe la kufukia kaburi? Akakaa msimu mzima kwa ajili ya aibu zetu.

Ndiyo maana tunakwenda Handeni. Kutoka kwetu ni kilomita 65 za lami, nauli inalipika, na kocha wa kule ukimshukuru Jumapili asubuhi, adhuhuri anakula ugali kwake Chanika. Na wenzetu wa Handeni hawajalala, wanakuja kuchukua wa kwetu. Mwalimu tuliyemtimua kwa kushindwa Korogwe anapokewa Handeni kwa shangwe, na waliyemtimua wao sisi tunamwita “mwenye uzoefu wa nje”. Katibu kaiweka barua moja tu ya kuachana, anabadilisha jina: pande zote mbili zimefikia makubaliano, klabu inamtakia kila la heri huko aendako. Aendako ni stendi.

Huyu wa mwisho alikuja na begi la koni za mazoezi na cheti kilichofunikwa plastiki. Tukamkaribisha kwa mwenyekiti, tukampa chai na mihogo.

“Mwalimu, karibu sana. Jisikie uko nyumbani.”

“Ahsante, mzee wangu. Mimi nina maswali madogo tu. Koni ninazo sita, nyie mnazo ngapi?”

Mwenyekiti akamwita mjukuu wake, akampa noti, akamtuma dukani kwa mwenye friji. Mgeni kataka askrimu, apewe.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. “Na kikosi, mzee, nitapanga mwenyewe?”

Chai ikanywewa kimya kimya. Mwishowe katibu akasafisha koo: “Mwalimu, kikosi kipo. Wewe fundisha.”

Akauliza la tatu, kama tuna kamati ya ufundi. Hapo watu wakachangamka. Tunayo, tena ndiyo kamati inayofanya kazi kuliko zote, ila vikao vyake ni vya usiku na wajumbe wake hawaitwi kwa majina. Pampu ya mpira tumeitafutia fungu mwaka mzima limekosekana. Jogoo mweupe alipatikana siku ileile alipoagizwa. Nikamwona mwalimu anazikusanya koni zake polepole. Wenzangu wakafurahi, wakidhani anajiandaa kwa mazoezi.

Msinione naisema timu ya mchangani mkadhani wakubwa wana nafuu. Mkoa wetu wa Tanga una Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Bara mwaka 1988. Unao African Sports. Na Handeni ilikuwa na Mgambo Shooting, vijana wa kikosi cha JKT kule Kabuku, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2012. Msimu wa 2015/16 ulipokwisha, timu tatu zilizoshuka daraja zilikuwa hizo hizo tatu. Klabu tatu zenye makocha tofauti na mifumo tofauti, zote za mkoa mmoja, zote zikaangukia shimo moja. Mtu mwenye akili angesema labda tatizo si mwenye filimbi. Pale kijiweni kwetu hoja ilipokelewa, kahawa ikaongezwa, na ikaamuliwa kwamba makocha watatu wote walikuwa wabovu.

Coastal ikarudi Ligi Kuu. Msimu wa 2023/24 Mkenya David Ouma akaifikisha nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Watu waliimba. Agosti 2024 ikatolewa na Bravos do Maquis ya Angola, na mwezi haukuisha Ouma akaonyeshwa mlango. Mtu kakupandisha juu ya mti usioujua, umeteleza tawi la kwanza, unamlaumu aliyekupa ngazi.

Nikiwaambia haya wananirudishia jina la Juma Mgunda, aliyekuwa kocha wa Coastal hiyohiyo. “Mbona yule mtu wa nyumbani na alidumu?” Ndiyo, alidumu. Aliachiwa timu akaijenga, mwaka 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ikaisumbua Yanga mpaka mabao 3-3, ikafungwa kwa penalti. Septemba mwaka huohuo Simba wakamchukua. Na Bakari Shime, aliyeinoa ile Mgambo ya Handeni? Mwaka 2022 alikuwa India na Serengeti Girls, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakafika robo fainali. Huo uzoefu wa kimataifa tunaoutangaza kwenye mlango wa saluni, mwenzetu aliupata baada ya kuachwa afanye kazi. Sisi tunautaka uje na pikipiki.

Basi katika kikao cha juzi nikatoa pendekezo. Nikasema mkataba wa kocha ajaye uwe na kipengele: tukifungwa mechi tatu mfululizo, kocha anabaki, kamati inaondoka. Kilizuka kimya ambacho hata kuku wa mwenyekiti walikiheshimu. Kisha mweka hazina akauliza, kwa upole sana, “Hivi mgosi, wewe kwenu hasa ni wapi?”

Nikasema kwetu hapa, Manundu, kila mtu ananijua.

“Kwa mama je?”

“Mama ni wa Muheza.”

Wakatazamana. Muheza si karibu sana, na si mbali sana. Shangazi kwenye kamati sina. Pikipiki ninayo. Namba ya simu tayari iko kwenye tangazo.

Jumamosi tunacheza na Mombo, benchi nakaa mimi. Barua ya kunitakia kila la heri katibu keshaiandika na jina langu limo, kabakiza tarehe.